Kumfundisha mtoto mdogo kujiokoa majini: kuanzia ndoo ya nyumbani hadi bwawani

Kila Jumamosi asubuhi nafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja hapa Moshi. Mzazi mpya akija namuuliza kwanza: nyumbani maji mnahifadhi kwenye nini? Wengi hucheka. Wamekuja kujua mtoto ataanza lini kupiga mbizi, mimi nawauliza habari za ndoo. Lakini mtoto wa miaka miwili wa Pasua au Majengo bwawa la kuogelea ataliona mara mbili kwa mwezi, tena akibahatika. Ndoo anaiona kila siku. Maji yakikatika anaona na pipa, na Desemba akipelekwa kwa bibi yake Kibosho anakuta mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia, unapita nyuma ya migomba, kina chake magotini kwa mtu mzima.

Kwa hiyo naanza nyumbani, halafu ndiyo tushuke bwawani. Ukiruka sehemu hii ya kwanza ukaenda moja kwa moja kwenye kuelea, umefundisha nusu, tena ile nusu ndogo.

Maji ya nyumbani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Watoto wa umri huo mara nyingi hawakuwa wameenda kuogelea. Walikuwa wanacheza tu, maji yakawa karibu na mtu mzima akawa mbali.

Kichwa cha mtoto anayeanza kutembea ni kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake. Akiinama kwenye ndoo kuchukua kikombe, kichwa kinatangulia, miguu inanyanyuka, na mikono haina nguvu ya kumrudisha. Ndoo ya lita 20 iliyojaa haipinduki kirahisi ikamwokoa. Hata maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kuziba pua na mdomo. Na hapo kuna methali inayotudanganya, ile ya mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtu mzima sawa. Mtoto mdogo hutapatapa kidogo sana, na kelele hapigi, kwa sababu mdomo uko majini na pumzi ya kupigia kelele hana.

Nililijua hili kwa mwanangu wa mwisho akiwa na miezi 14. Nilikuwa nafua uani, beseni la kusuuzia pembeni yangu, nikageuka kuchukua sabuni ya unga dirishani. Hatua nne. Niliporudi niliona pampasi na miguu tu, juu juu. Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya maji kumwagika. Nilimnyakua kiunoni, akakohoa, akatapika, akalia, mimi ndiyo nikakaa chini kwenye matope. Wakati huo nilikuwa tayari nafundisha watoto wa wenzangu.

Tangu siku ile wazazi nawaomba wafanye haya kabla hawajanilipa chochote. Beseni na ndoo vikimaliza kazi vinamwagwa na kupinduliwa. Ndoo ya akiba iwe ile yenye mfuniko wa kubana, na pipa liwe na ubao na jiwe zito juu yake. Mlango wa bafu uwekewe komeo usawa wa kifua cha mtu mzima. Kisima cha maji ya mvua na chemba ya choo vifunikwe kwa zege au chuma chenye kufuli. Bati lililolegea ni baya kuliko shimo lililo wazi, maana mtoto analikanyaga akidhani ni ardhi. Jirani anayejenga akiacha shimo la msingi likajaa maji ya masika, mwendee umwambie. Usione aibu.

Mfongo huwezi kuufunika wala kuuhamisha, ni wa ukoo na wa kijiji. Kwa bibi ni rahisi zaidi kumzungushia mtoto uzio kuliko kuuzungushia maji: fito, misumari, lango lenye komeo, kipande cha uani kinachotosha kuchezea. Babu akiwa na panga na mchana mmoja, kazi imekwisha. Saa ngumu ni zile za asubuhi mpaka mchana, mtu mzima yuko jikoni au shambani. Bangladesh, ambako vidimbwi viko karibu na nyumba nyingi, walipoanza kuwakusanya watoto saa hizo kwenye vituo vidogo vya kulelea, vifo vya kuzama vilipungua sana. Kama mtaani kwako kuna kituo cha kuaminika, ada yake ni sehemu ya usalama wa maji.

Kingine ni kukabidhiana. Desemba ukoo mzima umerudi mlimani, watu 30 uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, kila mtu anadhani mtoto yuko kwa mwenzake. Kwetu sasa tunasema kwa mdomo: "Mama, nakukabidhi mtoto." Na bibi anajibu: "Nimempokea." Asipojibu, mtoto bado ni wako. Hata dada wa kazi mzoeze hivyo hivyo, na umpe ruhusa ya kukatalia: "Shangazi, siwezi sasa hivi, napika."

Aanze na umri gani

Chini ya mwaka mmoja, mpeleke majini mfurahi, basi. Hakuna ushahidi kwamba masomo ya kuogelea yanapunguza hatari ya kuzama kwa watoto wa umri huo. Mimi nawapokea kuanzia miezi 6, shingo ikiwa imekaza, na uso hatuzamishi. Mtoto mchanga anameza maji mengi bila wewe kujua, na maji mengi tumboni yanaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akapata degedege.

Kati ya mwaka 1 na 4 masomo yanaweza kusaidia kupunguza hatari, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinakubali waanze katika umri huo. Karibu na miaka 4 wengi ndiyo wanaweza kushika mitindo yenyewe ya kuogelea. Shirika la Afya Duniani linasisitiza zaidi watoto wa shule, kuanzia miaka 6, wafundishwe kuogelea pamoja na usalama wa maji na namna salama ya kumwokoa mwenzao.

Naletewa sana video kwenye simu: mtoto wa miezi minane anatupwa majini na nguo zake, anajigeuza, anaelea analia. Wazazi wanataka hiyo. Siifanyi. Mtoto aliyefundishwa kwa hofu anaweza kuelea vizuri mbele ya mwalimu, lakini wiki ijayo anang'ang'ania mlango wa gari, na mtoto anayeogopa maji hujikunja akiingia ndani yake.

Bwawa la kujifunzia

Simama ukingoni uangalie chini, upande wa kina kirefu. Huoni sakafu? Ondoka, hata kama umeshalipa. Maji ya ukungu yanaficha uchafu na yanamficha mtoto aliyezama. Angalia pia tundu la kufyonza maji kama lina kifuniko kisicholegea, na uliza kama kuna mwokoaji. Mara nyingi jibu ni kijana anayeuza soda, kwa hiyo mwokoaji ni wewe.

Baridi ndiyo adui mkubwa huku kwetu. Mtoto mdogo anahitaji maji ya nyuzi 30 hadi 32, na mabwawa mengi ya huku hayapashwi moto. Juni mpaka Agosti mimi huwa nafunga darasa la wadogo. Wenzetu wa Arusha, walioko juu zaidi, ndiyo wasijaribu kabisa. Anza Oktoba, jua likishapanda. Dakika 10 hadi 15 kwa wa chini ya miaka miwili, nusu saa kwa wakubwa kidogo. Midomo ikibadilika rangi au kidevu kikitetemeka, toka hapo hapo. Pampasi ya kawaida inavimba kama mto, mvalishe nepi ya kitambaa na chupi ya plastiki inayobana mapajani. Anayeharisha abaki nyumbani. Mwenye kifafa aogelee, lakini mtu mzima mmoja awe wake peke yake, asiangalie kingine.

Watu huniuliza kuhusu chemchemi ya Chemka. Maji yake ni ya uvuguvugu na masafi, unaona mpaka chini, lakini kina kinabadilika ghafla, mizizi imejaa na wikiendi watu wanajirusha na kamba juu ya vichwa vya wenzao. Nenda kwa matembezi. Mifereji ya mpunga ya Mabogini na Chekereni usiijaribu kwa somo, mbali na kuzama kuna kichocho.

Hatua ya kwanza: beseni

Wiki mbili za kuoga nyumbani zinaokoa mwezi wa ada. Kila siku mwagie maji kidogo kisogoni, kisha utosini, halafu yateremke usoni, kila mara kwa ishara ile ile: "moja, mbili, tatu, maji!" Atajifunza kufunga mdomo kwenye "tatu". Usimfute uso haraka. Akipepesa macho mwenyewe yakatulia, umeshinda. Mfundishe kupuliza mapovu kwenye kikombe cha kuogea, maana mtoto anayepuliza havuti maji.

Halafu mlaze chali kwenye beseni kubwa ukimshika kisogo, masikio yaingie majini. Hili wazazi wengi hulipuuza. Masikio yakizama dunia nzima inabadilika sauti, na watoto wengi wanaopiga kelele bwawani siku ya kwanza ya kuelea hawaogopi maji, wanaogopa ule ukimya. Azoee nyumbani, uso wako ukiwa juu yake.

Hatua ya pili: hodi

Bwawani, mtoto wangu yeyote hukaa ukingoni kwanza na kusema "Hodi!" Mimi niliye majini nasema "Karibu", ndiyo anaingia. Nisipoitikia, anakaa. Wakati mwingine nakawia makusudi, sekunde tano, kumi. Wa miaka mitatu mmoja alikwenda kwa bibi yake, akasimama kando ya mfongo akapiga hodi mpaka akachoka, kisha akarudi jikoni kushtaki kwamba mfongo hauna adabu. Sitegemei hilo litokee kwa kila mtoto, na wewe usilitegemee. Uzio ubaki palepale. Lakini tabia ya kusubiri sauti ya mkubwa kabla ya kugusa maji inafundishika mapema kuliko kuogelea kwenyewe.

Hatua ya tatu: ukingo

Mshikishe ukingo kwa mikono miwili, umkinge kwa nyuma, kisha atembee kwa mikono akiufuata ukingo kama tumbili kwenye tawi, mpaka kwenye ngazi. Akifika apande, atoke mwenyewe, kifua kwanza, kisha kiwiko, kisha goti. Usimvute mkono. Rudia kila somo mpaka akichoka ageuke kutafuta ukingo bila kuambiwa.

Hatua ya nne: kuelea chali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, miezi miwili mitatu hata zaidi, hata jirani akikwambia wa kwake tayari anaogelea.

Ingia majini mpaka mabegani. Mgongo wa mtoto uegemee kifua chako, kichwa chake begani kwako, shavu kwa shavu, wote mnaangalia juu. Mimi nawaambia: tutafute mlima. Asubuhi, kabla mawingu hayajafunika, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana kutoka pale tulipo, na mtoto anayetafuta mlima ananyanyua kidevu mwenyewe bila kulazimishwa. Kidevu kikinyanyuka, kiuno kinapanda. Akitaka kukuona wewe usoni atakunja shingo, kiuno kitazama, atakaa kama yuko kwenye kiti, na atakunywa maji. Ndiyo maana uso wako uwe kando ya wake, usiwe mbele.

Akitulia, msogeze polepole: mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya matako. Ongea kwa sauti ya chini, ile ile, hesabu mpaka kumi. Siku nyingine toa mkono wa matakoni. Miguu itashuka, hasa kwa watoto wembamba. Iache. Hatumfundishi kulala kama ubao. Tunataka pua na mdomo vibaki nje. Mwambie ajaze kifua kama puto, aone mwenyewe anavyopanda. Baada ya hapo vidole viwili tu chini ya kisogo, kisha hakuna, sekunde moja, tatu, kumi. Kabla hujaachia usimdanganye. Ukisema nimekushika, uwe umemshika.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwa mtoto mdogo mimi sifuati. Akilia kilio cha hofu, siyo cha deko, tunatoka, anavaa, anakunywa uji, tunaonana wiki ijayo. Sijawahi kujuta kwa kumaliza somo mapema.

Hatua ya tano: kujigeuza na kurudi

Mtoto akianguka majini huwa kifudifudi, kwa hiyo kuelea bila kujigeuza hakumfai kitu. Anza akiwa amelala kifudifudi mikononi mwako, uso umeingia majini kwa hesabu ya mbili. Gusa bega moja, ageuze kichwa upande huo kwanza. Mwili hufuata kichwa. Msaidie kwenye nyonga, amalizie chali, apumue. Mara tatu nne kwa somo zinatosha.

Baadaye unganisha: anakaa ukingoni, hodi, karibu, anaingia, anageukia ukingo alikotoka, anaushika, anatembea kwa mikono mpaka ngazini. Wa miaka mitatu na kuendelea ukingo ukiwa mbali kidogo, aelee chali apumue, ageuke apige miguu mara chache, aelee tena. Akishazoea, rudia akiwa na fulana na suruali. Nguo zikilowa zinabadilisha kila kitu, na heri ashangae ukiwa umesimama pembeni yake.

Haya yote mkono wako uwe unamfikia bila kupiga hatua. Simu iache kwenye mkoba. Maboya ya mikononi ya kupuliza siyatumii: yanamfundisha kusimama wima majini, kinyume cha kuelea, na yanampa mzazi ujasiri wa uongo. Kwenye mtumbwi au boti, iwe Ziwa Duluti au Nyumba ya Mungu, avae jaketi la kuokolea linalolingana na kilo zake, lenye mkanda unaopita kati ya miguu.

Mito, kwa wale wanaoenda shule

Karanga au Weruweru inaweza kushuka na wimbi mjini kukiwa na jua, kwa sababu mvua imenyesha juu msituni. Maji yakibadilika rangi au yakianza kuleta majani na vijiti, watoto watoke hapo hapo. Barabara iliyofunikwa na maji yanayotembea isivukwe, kwa miguu wala kwa gari. Aprili 2024 huko Arusha mafuriko yalisomba gari la wanafunzi na watoto wakafa. Dereva wa gari la shule mwambie mapema kwamba siku kama hiyo mtoto achelewe tu.

Wafundishe pia kutomfuata anayezama. Wapige kelele, walale chini wanyooshe fimbo, au warushe dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko vizuri, hilo linambeba mtu. Kanga mbili zilizofungwa pamoja ni kamba nzuri.

Mtoto akitolewa majini hapumui

Usimning'inize kichwa chini, usimbonyeze tumbo kutoa maji. Mlaze chali mahali pagumu, ita watu. Inua kidevu kidogo. Kwa mtoto mchanga kichwa kibaki sawa tu. Mpulizie pumzi 5, kila moja mpaka kifua kinyanyuke. Kwa mchanga mdomo wako ufunike pua na mdomo wake. Povu likitoka usipoteze muda kulifuta. Akiwa bado hana dalili ya uhai, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kina cha theluthi ya kifua, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, vidole gumba viwili kwa mchanga, mikono ikiwa imezunguka kifua chake, na kiganja kimoja kwa mkubwa kidogo, kisha pumzi 2. Endelea hivyo hivyo. Mwingine apige 114 ya Zimamoto au 112, na mwingine atafute gari. Ukiwa peke yako, fanya dakika moja kwanza ndiyo uende kwenye simu.

Akizinduka na kupumua, mlaze kwa ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa kitenge kikavu. Hata akianza kucheza, mpeleke hospitali, kwetu Mawenzi au KCMC, siku hiyo hiyo. Yule aliyekunywa maji kidogo bila kupoteza fahamu muangalie kwa saa kadhaa: kikohozi kisichokata, kupumua haraka, usingizi usio wa kawaida au kutapika mfululizo, nenda hospitali, hata kama ni saa saba usiku.